Yellow Transparent: tufaha la wiki moja, ukilinunua jipange

Nianze na kilichoniudhi. Mche wangu ulikuja na lebo imeandikwa tamu, laini, linatunzika. Laini sawa, tamu tubishane kidogo, ila hilo la linatunzika ni uongo wa mchana kweupe. Nina misimu sita na huu mti na sijawahi kuona tufaha lake likatoboa wiki mbili bila kugeuka ungaunga, hata ukilitia kwenye friji unajidanganya tu, kwa nje linang'aa vizuri ukiling'ata ni kama umeng'ata sponji.

Sasa kabla hamjadhani nakuja kuliponda, hapana, mi nalipenda sana hili tufaha, ninachosema ni kwamba watu wanauziwa kwa sababu zisizo zake. Hili siyo tufaha la kuweka kwenye bakuli mezani lipendezeshe nyumba. Ni tufaha la sufuria. Ukilielewa hivyo mtapatana.

Kwa wasiolijua, hii ni aina ya zamani ya kutoka pande za Baltiki na Urusi. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiagiza kutoka Urusi mwaka 1870 ikasambaa huko kwa sababu mbili, inavumilia baridi kali kweli na inawahi. Ulaya utakuta wanaiita White Transparent, na Warusi wana Papirovka na Bely Naliv ambazo wengine wanasema ni kitu hichohicho na wengine wanabisha mpaka mishipa ya shingo inatoka, mi simo. Kuwahi kwake ndiyo habari yenyewe: nchi za kaskazini linaiva mwezi wa saba, sehemu zenye joto hata mwishoni mwa wa sita, matufaha mengine bado ni vigololi vya kijani. Yaani umekaa miezi na matufaha ya stoo yaliyochoka alafu ghafla unapata kitu kibichi kabisa chenye uchachu wa kukukunja uso.

Kuvuna ndiko kunakosumbua. Mwanzo lina kijani, alafu linapauka kidogokidogo mpaka linafika rangi ya mshumaa, na hapo katikati kuna siku kama tatu hivi za haki. Ukiwahi ni kali tupu, ukichelewa limeshapoteza maji. Mwaka wa kwanza wa kuvuna nilifanya kosa la kusubiri mbegu ziwe nyeusi kama nilivyozoea kwenye matufaha ya mwisho wa msimu, weee, nusu nikayaokota chini yamepasuka. Siku hizi nalinyanyua na kulizungusha kidogo, likiachia lenyewe bila kunyofoka na tawi, limeiva, lisipoachia naliacha hadi keshokutwa. Na hayaivi yote kwa mpigo, unarudi mara tatu mara nne kwenye mti uleule, kwa hiyo kama unapanga siku moja ya kuvuna umalize kazi, tafuta mti mwingine.

Ngozi yake nayo ni nyembamba mno. Kuna moja nililibana asubuhi kujaribu kama limelainika, jioni alama za vidole vyangu vinne zilikuwa pale, kahawia, zimepangana kama nimechukuliwa ushahidi polisi. Ndiyo maana dukani huwezi kulikuta, nani atalisafirisha? Chini ya mti naweka nyasi kavu za kutosha kwa sababu yanadondoka sana yakishaiva na likigonga ardhi ngumu kwaheri.

Haya, jikoni. Hapa nampa nyota zote. Unakatakata, unatoa moyo, unatia na vijiko viwili vitatu vya maji yasishike chini, moto mdogo, unafunika. Dakika kumi hivi ukifunua unakuta limepanda kama povu la sabuni, vipande vimeyeyuka vyenyewe, blenda ya nini sasa. Rojo linatoka jeupe lenye umanjano kwa mbali, na lina ule ukali unaofanya sukari iwe na kazi ya kufanya. Onja kwanza ndo utie sukari, yaliyochumwa siku tofauti hayalingani kabisa. Likipoa tia kwenye vyombo, friza, basi. Kwa jeli chuma yale yenye kijani bado, pektini yake, yaani kile kinachogandisha jeli, iko juu na inaganda bila kuongezewa kitu. Kwenye pai ni ladha nzuri ila vipande havisimami, ukikata unapata uji mtamu, anayetaka pai ya kupiga picha asilitumie. Kukausha inawezekana, ila likikatwa linabadilika rangi hapohapo kwa hiyo kuwa na maji ya limau pembeni.

Kwenye kulima, uzuri wake ni kwamba halikuweki sana, langu lilibeba mwaka wa tatu. Ubaya, lina tabia ya kubeba mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwingine. Mwaka wa nne nilipata mpaka nikagawa mtaa mzima, wa tano matufaha kumi na moja, niliyahesabu. Dawa ni kupunguza matunda mapema yakiwa saizi ya kokwa, kila kishada unabakiza moja, nafasi ya kiganja kati ya tunda na tunda. Inauma kutupa, lakini tupa. Pia linahitaji mtufaha wa aina nyingine unaochanua mapema karibu yake kwa ajili ya chavua, na linataka majira ya baridi ya kweli, ukiishi kwenye joto mwaka mzima usijisumbue. Angalia na ule ugonjwa wa bakteria unaofanya machipukizi yageuke meusi na kujikunja kama yamepitiwa na moto, hili linaupata kirahisi. Ukiona, kata chini kabisa ya palipoharibika, sentimita 30 hivi ndani ya sehemu ya tawi yenye afya, na ufute makasi kwa spiriti kila ukikata.

Usipande mbegu, nakuomba, itakuletea tufaha lingine kabisa. Nunua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina hii kimeunganishwa kwenye shina la mti mwingine, tena shina la kuufupisha mti, maana kupanda ngazi mara nne kwa ajili ya tunda linalochubuka kwa kuangaliwa ni adhabu.

Kuna watu watakuambia chukua tufaha la Lodi, ambaye ni mtoto wake, walilichanganya hili na tufaha lingine liitwalo Montgomery kule kituo cha utafiti cha Geneva, New York, akatoka 1924. Ni kubwa zaidi na linakaa siku kadhaa mbele. Nimeyala yote mawili. Lodi ni mtoto mwenye adabu, ila ule ukali wa mzazi hana, na mi ukali ndo nilioufuata.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu ile lebo. Wakanijibu kwa heshima zote kwamba linatunzika, walimaanisha likiwa jamu.