Uingereza na China: moshi wa kila mtu tangu 1990

Mwaka 1990 pengo lilikuwa wazi. Mwingereza mmoja alihesabiwa takriban tani 10 za kaboni dioksaidi kwa mwaka, Mchina tani 2 hivi. Leo mizani imepinduka: Uingereza iko chini ya tani 5, China imepita 8.

Uingereza imeshuka hasa kwa kuachana na makaa ya mawe. Ilihamia kwanza kwenye gesi asilia, kisha upepo wa baharini, hadi kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa Septemba 2024. China ilipanda kwa kasi baada ya kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001; viwanda vya chuma na saruji vilitapakaa, vikiendeshwa na makaa.

Lakini tuwe waadilifu. Takwimu hizi huhesabu moshi pale unapotoka, si pale bidhaa inapotumika. Simu iliyoundwa Shenzhen ikanunuliwa London huandikwa kwenye hesabu ya China. Tena Uingereza imechoma makaa viwandani tangu karne ya 18, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ingali angani. Kwangu mimi, deni hilo la zamani lina uzito kuliko tani za mwaka huu.