Uzoefu wangu: kusajili alama ya biashara kwa dagaa ninaowafungasha Mwanza

Kama unafungasha bidhaa na watu wanaitafuta dukani kwa jina lake, sajili alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaoitambulisha bidhaa yako. Mimi cheti ninacho, na nimeshakitumia kwenye ugomvi wa kweli, kwa hiyo naandika nikijua kinasaidia wapi na kinaishia wapi. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Nauza dagaa wa viungo kwenye pakiti za robo na nusu kilo. Mzigo nauchukua mwaloni Kirumba, na sichukui wa kila mtu. Nataka dagaa walioanikwa kwenye chanja, maana wanaoanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga huo hautoki hata uoshe namna gani. Mteja akiona pakiti yangu anajua hatatafuna mchanga. Hicho ndicho ninachouza hasa, na ndicho nilichotaka kukilinda.

Habari za alama nilizipata kwenye mafunzo ya ufungashaji ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Hapa mjini ukishakuwa na TIN, leseni ya manispaa na cheti cha jina la biashara, watu wanakuambia umemaliza. Hujamaliza. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina lile. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine asilichape kwenye pakiti zake. Haki hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na ina ombi lake, ada yake na cheti chake. Jina na alama vyote vinasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, nadhani ndiyo maana watu wanavichanganya.

Sehemu iliyonipa kazi kubwa ni kuchagua jina lenyewe, na hapa naomba wajasiriamali wenzangu mtulie kidogo. Ukienda na "Dagaa Bora", "Dagaa wa Mwanza" au "Dagaa wa Chanja", jiandae kukataliwa. Maneno hayo yanaieleza bidhaa au mahali inapotoka, na kila muuzaji wa dagaa anayahitaji. Sheria haiwezi kukupa wewe peke yako neno Mwanza, na mimi naona ni haki kabisa. Ingekuwa vinginevyo, wa kwanza kufika angefunga mwalo mzima. Kinachokubalika kirahisi ni jina lisilohusiana na bidhaa, au neno ulilolibuni mwenyewe. Mimi nilichukua jina la bibi yangu mzaa mama, Mkerewe, nikaliweka pamoja na mchoro wa karabai juu ya mtumbwi, ile taa ya kuvulia dagaa usiku wa giza. Neno "dagaa" lipo chini ya mchoro, ila nilikubali kuandikwa kwamba silidai kuwa langu peke yangu. Mchoro niliupeleka kwa nyeusi na nyeupe ili nisijifunge kwenye rangi moja.

Kabla ya kulipa ada ya ombi, omba utafutaji uone kama kuna alama iliyosajiliwa inayofanana na yako. Usiruke hatua hii. Kufanana kwenyewe si lazima herufi kwa herufi. Hata jina linalosikika karibu sawa, kwa bidhaa za aina moja, linaweza kukukwamisha.

Ombi linafanyika kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unajaza taarifa, unapandisha picha ya alama, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu. Hapo huhitaji kishoka. Nimewasikia vishoka wakiahidi cheti cha wiki moja. Haiwezekani, kwa sababu ombi likishakubaliwa linatangazwa kwenye jarida la alama, na kuanzia hapo watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Siku hizo hazinunuliki. Kinachotuliza moyo ni kwamba alama ikisajiliwa, haki yake inahesabiwa tangu tarehe ya kuwasilisha ombi.

Nyota ninayoipunguza ni ya madaraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa kwenye madaraja 45 kwa mpango wa kimataifa unaoitwa Nice: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Hapa Tanzania kila daraja ni ombi lake na ada yake. Dagaa wakavu wako daraja la 29, pamoja na nyama na maziwa. Mchele na unga ni la 30. Mgahawa ni la 43. Mama lishe anayeuza chakula na pia anafungasha unga wake analipa mara mbili, na kwa mtaji wetu huu hilo linauma.

Sasa ugomvi wenyewe. Nilikuwa nimeshapata cheti, mama mmoja mwenye duka Buzuruga akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, dagaa wako safari hii wana mchanga, wateja wananirudishia." Nikaenda. Pakiti ilikuwa na karabai yangu, mtumbwi wangu, na jina la bibi likiwa limebadilishwa herufi moja ya mwisho. Mfuko ulikuwa laini kuliko wangu, na sili ya juu haikushika upande mmoja. Niliumia sana, maana jina lile si langu tu.

Wakili aliandika barua ya onyo, tukaambatanisha nakala ya cheti. Nakala nyingine niliipeleka kwa fundi aliyechapa zile lebo. Aliisoma yote amesimama, akaniambia hatachapa tena kazi ile. Pakiti zikapotea madukani. Zingeendelea, ningekwenda mahakamani, na kwa bidhaa bandia kuna Tume ya Ushindani, FCC. Lakini elewa kwamba msajili hatembei madukani kukulindia. Kufuatilia ni kazi yako na wateja wako.

Mipaka yake pia uijue. Cheti cha BRELA ni cha Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake wa usajili, BPRA. Dagaa wetu wanakwenda Kongo, Kenya na Uganda, na huko cheti changu hakina nguvu. Utasajili kwenye ofisi zao: Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Na alama usiyoitumia kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe, kwa hiyo usisajili jina la kuweka kabatini.

Kwa sasa nasubiri ombi la pili. Zile chenga zinazobaki nikichambua dagaa wafugaji wa kuku wa Igoma wananunua zote, na chakula cha mifugo kipo daraja la 31. Nimeliwasilisha kabla sijachapa hata mfuko mmoja.