Godoro la hewa la mgonjwa: linakupa saa ngapi za kwenda kazini?

Godoro la hewa lenye pampu mara nyingi hununuliwa na mtu ambaye mwenzake wa ndoa amelala kitandani hawezi kujigeuza, naye amepunguza saa za kazi ili amuuguze. Wauzaji hupenda kusema ukilitandika tu, vidonda vya kulalia basi. Si kweli. Linachofanya ni kurefusha muda kati ya kumgeuza na kumgeuza tena. Kwa anayewahi kazini pale Tabora mjini, muda huo una thamani yake.

Tunazungumzia lile la kawaida, la viputo kama trei ya mayai. Pampu hujaza mistari fulani ya viputo na kupunguza hewa kwenye mingine, kisha hubadilishana kila baada ya dakika kumi hivi. Umeme usikutishe: pampu nyingi hula wati 7 hivi, na hata ikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa ni kama uniti 5 za LUKU.

Wengi huharibu kwenye kulitandika. Linakaa juu ya godoro la sponji, si badala yake, kwa sababu umeme ukikatika na hewa ikaisha, sponji ndiyo itakayombeba mgonjwa. Mipira ya hewa ielekee miguuni, isikunjike, na pampu ining'inie kwenye ubao wa kitanda, nje ya chandarua. Washa, subiri nusu saa, ndipo umlaze. Kisha pitisha kiganja kati ya sponji na godoro la hewa, usawa wa makalio. Ukiuhisi mfupa, ongeza presha. Ila usijaze mpaka likakakamaa. Hapo faida imekwisha.

Joto la Tabora la Septemba na Oktoba nalo lina vurugu zake. Plastiki inatoa jasho, basi watu wanatandika blanketi, mpira, khanga mbili, na kila tabaka linapunguza kazi ya viputo. Shuka moja la pamba, lisilovutwa, linatosha. Khanga iliyokwisha kulainika ni nzuri zaidi. Ikilowa, badilisha papo hapo.

Umeme ukikatika, chomoa mipira kwenye pampu na uizibe ili hewa isitoke upesi, na rudi kwenye kumgeuza kila saa 2. Mwenye betri ya sola ya Ah 50 na inveta ndogo anavuka usiku. Likitoboka, tumia kiraka na gundi ya PVC. Solusheni ya fundi baiskeli haishiki.

Sasa hesabu ya kazi. Kwa kawaida mgonjwa hugeuzwa kila saa 2. Kwa godoro hili, ngozi ikiwa nzima na muuguzi akikubali, unaweza kufika saa 4. Usisubiri wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri: gusa kwa mgongo wa kiganja, utafute joto au ugumu kwenye makalio, nyonga na mgongoni chini. Ukikuta, usipasugue, punguza muda. Visigino havipati msaada mkubwa, kwa hiyo weka mto chini ya vigimbi vining'inie.

Saa hizo 4 zinajumuisha safari. Zamu ya saa mbili hadi saa tano asubuhi inaingia. Ya saa nane mfululizo haiingii bila mtu wa kugeuza nyumbani. Usitegemee likizo peke yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 4 za malipo kwa mtoto akiugua au akifariki, lakini kwa mwenza imetaja kifo tu. Kupunguziwa saa ni makubaliano yako na mwajiri, kwa hiyo yawe ya maandishi: saa ngapi, mshahara kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, na kwamba utarudi saa kamili. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, hivyo nao utashuka.

Mgonjwa mzito, au mwenye kidonda kilichokwisha kuchimba, anahitaji lile la mirija minene. Hili la viputo litamgusisha chini. Kwa wengine tunalipendekeza. Kabla ya kulipa, waambie waliwashe mbele yako dakika ishirini, uhakikishe mistari inapokezana, na usikilize mlio wa pampu, maana mtalala nayo chumba kimoja.