Uzoefu wangu na mzani wa jikoni na programu ya kuhesabu kalori

Mzani niliununua Kariakoo kwa shilingi 18,000, ule mdogo wa kidijitali unaopima hadi kilo 5. Jioni yake nikapakua kwenye simu programu ya bure ya kuhesabu kalori. Nilikuwa na kilo 86, urefu sentimita 162, umri miaka 38. Mama yangu ana kisukari, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki. Nimekaa kwenye mabenchi yale na watu waliokatwa vidole vya miguu. Presha yangu nayo ilikuwa imeanza kupanda. Kwa hiyo sikuwa natafuta kupungua kwa ajili ya harusi ya mtu. Nilitaka kupungua na kubaki nimepungua.

Programu iliniuliza umri, uzito, urefu na aina ya kazi yangu, kisha ikauliza nataka kushuka kilo ngapi kwa wiki. Nikabonyeza kilo 1, maana ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ikanipa kalori 1,200 kwa siku, nami nikaipokea kama cheti cha daktari. Wiki sita za mwanzo nilishuka kilo 4 na ofisini wakaanza kunisifia. Wiki ya saba nikashikwa na kizunguzungu kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, saa kumi na mbili asubuhi, dada mmoja nisiyemjua akanikalisha na kuninywesha maji. Usiku nilikuwa silali vizuri. Watoto nilikuwa nawafokea kwa vitu vidogo. Ikaja Jumamosi moja nikala tangu asubuhi mpaka usiku, na Jumapili vivyo hivyo. Miezi miwili baadaye kilo zote 4 zilikuwa zimerudi na mzani nimeufungia kabatini.

Kilichonitoa huko ni mtaalamu wa lishe tuliyemkuta kliniki siku nimempeleka mama. Kijana mdogo, mpole. Nilipomaliza kumsimulia akauliza, "Dada, hiyo 1,200 nani kakupangia?" Nikamwonyesha simu. Akaitazama kidogo, akasema, "Hapa haijakupangia. Hapa imegota."

Alivyonieleza ndivyo nitakavyoeleza, kwa sababu naona wengi tunaumia hapa hapa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukitaka kuiondoa kwa wiki, lazima kila siku upungukiwe kalori 1,100. Akachukua karatasi, akapiga kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990 ambayo programu nyingi huitumia: 10 mara kilo zako, jumlisha 6.25 mara urefu kwa sentimita, toa 5 mara umri, kisha mwanamke anatoa 161 na mwanaume anajumlisha 5. Kwangu ikaja kama 1,520. Hizo ni kalori mwili unazotumia hata ukilala kitandani kutwa. Kwa kuwa natembea kiasi, akazidisha kwa 1.375, tukapata kama 2,090. Toa 1,100 hapo, inabaki chini ya 1,000. Programu yangu imewekewa mpaka, kwa mwanamke haishuki chini ya 1,200, basi ikasimama hapo. Namba niliyoihangaikia wiki saba haikuwa imetoka kwenye mwili wangu kabisa. Mwanamke yeyote ambaye hesabu yake ingeangukia chini ya 1,200 baada ya kubonyeza kilo 1 angepewa hiyo hiyo.

Akanipunguzia 400 tu, nikabaki na 1,700. Kwa hesabu ya karatasi ni kilo moja na nusu kwa mwezi. Nikamwambia ni kidogo. Akaniuliza, "Ulivyofanya mwanzo, baada ya miezi minne umepungua ngapi?" Sikuwa na jibu.

Kabla ya kuanza aliniomba nipime na kuandika kila ninachokula kwa wiki mbili, bila kupunguza chochote. Ninawaomba mnaosoma msiruke hatua hii, na hapa ndipo mzani wa elfu kumi na nane ulipolipa bei yake mara kumi.

Chukua chapati. Kwenye programu chapati moja iliandikwa kalori 120. Ile ni chapati kavu ya Wahindi, isiyo na mafuta. Yangu ya kukunja ni jambo jingine. Nilipima: unga wa ngano kilo 1 ni kama kalori 3,640, mafuta yaliyotumika kukandia na kuchomea mililita 200, yaani kama 1,600 nyingine, zikatoka chapati 16. Gawanya, kila moja ni karibu 330. Mimi nilikuwa nakula mbili asubuhi na kuandika 240, kumbe nimekula 660. Tofauti ya 420 ndiyo punguzo langu lote la siku, limeisha kabla sijapanda basi.

Mafuta ndiyo yalinifungua macho zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4, na kijiko kimoja cha mezani kinabeba kama 120. Nyumbani tulikuwa tunamimina kwa macho. Basi nikafanya hesabu ambayo hata mzani haihitaji. Sisi ni watano, na dumu la lita 5 lilikuwa linaisha kwa wiki tatu. Dumu zima lina zaidi ya kalori 41,000. Gawa kwa siku 21, gawa kwa watu watano: karibu 390 kwa kila mtu kila siku, watoto wakiwemo, ndani ya mboga ambazo sote tuliziona ni nyepesi. Tangu hapo kijiko kinakaa juu ya dumu, na mtu akipika anapima. Hakuna aliyelalamika kuhusu ladha, ila mume wangu kwa wiki moja ya kwanza alisema mchicha umekuwa mkavu. Nikaanza kuuwekea nyanya zaidi, akanyamaza.

Ugali usiupime kwa kukisia. Pima unga mkavu, pika, pima ugali wote, kisha gawa. Wangu wa nusu kilo ya sembe, kama kalori 1,800, unatoka na uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo gramu 100 ni kama 130. Kipande changu cha sasa ni gramu 300. Zamani kilikuwa 500 na zaidi, lakini nilikuwa nakula na mboga kidogo. Sasa sahani inajazwa na mchicha au tembele, dagaa au kibua, na maharage. Mtaalamu alisisitiza protini, gramu 80 hadi 90 kwa siku, ili ninachopoteza kiwe mafuta na si misuli. Ni kweli pia kwamba dagaa na maharage hukaa tumboni. Njaa ya saa kumi jioni, iliyokuwa inanipeleka kwenye maandazi, imetoka.

Chakula cha mchana nanunua kwa mama ntilie karibu na ofisi, na huwezi kwenda na mzani pale. Siku moja nilifungasha nikaenda kupima nyumbani: wali peke yake gramu 480. Kesho yake nikamwambia, "Mama, nipunguzie wali uniongezee maharage na mboga." Akacheka, akaniwekea, bei ileile. Sasa ananijua, siagizi tena kwa maneno.

Kuhusu programu yenyewe, sitaitaja jina, lakini nitasema wazi ilivyo. Kusoma msimbo wa mistari kwenye paketi inafanya vizuri. Kwa vyakula vyetu ni mtihani. Ugali una maingizo kibao yaliyowekwa na watumiaji, mengine yameandikwa "sahani moja" bila gramu. Suluhisho langu limekuwa kuunda vyakula vyangu mwenyewe. Kwa thamani za vyakula vya huku natumia jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililotolewa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Ni kazi ya jioni mbili, kisha umemaliza. Jambo jingine: zima sehemu inayokurudishia kalori ulizotembea. Ile 1.375 imeshahesabu kutembea kwako, ukirudishiwa tena unahesabu mara mbili na unakula punguzo lako.

Mzani wa jikoni sina neno nao. Una kitufe cha kurudisha sifuri ukishaweka bakuli, na betri nimebadilisha mara moja.

Uzito wangu napima kila asubuhi lakini naangalia wastani wa wiki. Karibu na siku zangu napanda hata kilo 1.5, na nikila pilau ya shughuli yenye chumvi kesho yake napanda vilevile. Ni maji. Zamani siku kama hizo ndizo zilizonikatisha tamaa, sasa nalinganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita.

Miezi kumi ya 1,700 imenitoa 86 hadi 77. Presha ilikuwa 142 kwa 91, mwezi uliopita ilikuwa 126 kwa 82, na daktari ameridhika. Haikuwa mteremko ulionyooka. Nilipofika 79 nilikwama wiki tano, na nilipopiga upya ile hesabu nikaona matumizi yangu yameshuka hadi kama 1,990, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Sikugusa chakula. Nikaanza kushuka kituo cha Fire na kutembea mpaka Posta asubuhi, na uzito ukaanza kusogea tena. Mwezi wa Ramadhani nao nilisimama palepale, sikupungua wala kuongezeka, na kwangu huo ulikuwa ushindi, kwa futari za mama mkwe zile.

Mzani ningeununua tena leo. Programu naipendekeza kwa miezi miwili mitatu ya kwanza, kwa sharti moja: unapoulizwa kilo kwa wiki, chagua robo au nusu, na ikikuletea 1,200 piga hesabu yako kwa kalamu kabla ya kuitii. Anayenyonyesha, mjamzito, au anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari asianze bila kumwona daktari, maana ukipunguza chakula na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kushuka vibaya. Nimeona ikimtokea mama mara moja, sitaki kuiona tena.

Mimi sasa naandika Jumamosi na Jumapili tu, siku za kazi chakula changu nakijua. Dumu nimeandika tarehe ya kulifungua kwa kalamu ya wino. Lililopo lilifunguliwa wiki nne zilizopita, na jana usiku nilipolitikisa bado lilikuwa na lita moja na zaidi.