Mkusanyo wa mashairi ya Kiurdu usio na kasra: uzoefu wangu

Naanza na nyota tatu, na nina hakika nitazishusha kabla sijamaliza. Kitabu ni mkusanyo wa mashairi ya Kiurdu ya kale na ya kisasa, kuanzia Mir Taqi Mir (1723–1810) hadi Parveen Shakir (1952–1994). Mchapishaji simtaji, wala duka la mtandaoni lililoniuzia silitaji. Kurasa, karatasi na bei mtaviona kwenye tangazo. Mimi nina swali moja tu: kasra ziko wapi?

Kwa asiyesoma Kiurdu nieleze kidogo. Maneno mawili yakiungwa kwa mtindo wa Kiajemi, katikati huingia sauti fupi ya "e", inayoitwa izafat, na kazi yake ni kama ya "ya" na "la" zetu. Paikar-e tasvir: umbo la picha. Neno la kwanza likiishia konsonanti, sauti hiyo haipati herufi, huandikwa kwa kasra, kistari kidogo chini ya herufi ya mwisho, na wenyewe huiita zer. Likiishia herufi he isiyotamkwa, huwekwa hamza ndogo juu yake. Likiishia alif, hapo ndipo inapopata herufi kamili, ye kubwa yenye hamza. Magazeti huziacha kasra na hakuna anayelalamika, maana habari haina mizani. Shairi linayo.

Chukua beti la kwanza la diwani ya Ghalib: *Naqsh faryadi hai kis ki shokhi-e tahrir ka / kaghazi hai pairahan har paikar-e tasvir ka.* Bahari yake, yaani mpangilio wa mapigo, ni ramal: mguu uitwao failatun mara tatu, kisha mguu mfupi uitwao failun. Hesabu mshororo wa pili: ka-gha-zi-hai, pai-ra-han-har, pai-ka-re-tas, vi-r-ka. Nne, nne, nne, tatu. Jumla 15, ile "r" pekee ikihesabiwa kuwa pigo fupi. Sasa isome kama ilivyo katika kitabu hiki, bila kasra chini ya re: pai-kar-tas-vi-r-ka. Zimebaki 14 na mguu wa tatu umevunjika. Kwetu mtu akileta shairi la mizani 16 halafu mshororo mmoja ukawa na 15, hapewi nafasi ya kumaliza. Hapa ni beti la kwanza kabisa la mshairi maarufu kuliko wote waliomo.

Na maana nayo inakwenda. Beti linasema kila umbo lililochorwa limevaa nguo ya karatasi, yaani limevaa kama mlalamikaji wa Iran aliyekwenda kushtaki kwa mtawala. Ghalib mwenyewe alilazimika kulifafanua katika barua, kwa hiyo si beti la kubahatisha. Ukiondoa izafat, "umbo la picha" linakuwa maneno mawili yaliyosimama kando kando bila kujuana.

Kilichonichemsha zaidi ni kwamba sababu inaonekana wazi, na ni uvivu. Tazama zipi zimebaki na zipi zimepotea. Katika jina la mkusanyo kamili wa Faiz Ahmed Faiz, *Nuskha-ha-e Wafa*, izafat ipo salama, kwa kuwa inafuata alif na imeandikwa kwa ye. Katika *Dast-e Saba*, kitabu chake cha 1952, haipo, kwa kuwa pale ni kasra tupu chini ya te. Shadda, alama za kukaza konsonanti, zimepotea. Hamza ya juu ya he imepotea. Nun ghunna, nuni ya puani, ipo, kwa kuwa ni herufi. Maana yake ni kwamba kila alama inayokaa juu au chini ya herufi imefutwa kwa mkupuo mmoja. Ninavyoshuku, maandishi yalihamishwa kutoka programu ya zamani ya kupangia Kiurdu kwenda Unikodi, mfumo wa herufi wa kompyuta za leo, mtu akachagua kufuta irabu zote ili mistari ikae vizuri, kisha hakuna aliyesoma tena. Kazi ya kuzirudisha ni ya mtu mmoja anayejua bahari, akiwa na kalamu nyekundu, akipita kila ghazali, yaani kila shairi la mabeti.

Wala haikuishia hapo. Baada ya kufuta, nadhani wamepitisha kisahihishi cha tahajia. Kiurdu cha ushairi kina maumbo mafupi ya makusudi. *Mire* (langu, wangu) huandikwa bila ye ya kwanza ili isomwe fupi. *Mere* ni ndefu. Ghalib anasema *bazicha-e atfal hai duniya mire age*, dunia mbele yangu ni mchezo wa watoto. Kitabu kimeandika *bazicha atfal* bila hamza, na *mere age* kwa ye. Makosa mawili katika mshororo mmoja wa maneno machache! Vivyo hivyo *pe* imegeuzwa *par* katika *hazaron khwahishen aisi ke har khwahish pe dam nikle*. Pale mguu wa mwisho lazima uanze na pigo fupi: pe-dam-nik-le. *Par* ni pigo refu. Msomaji mgeni atadhani Ghalib hakujua kuhesabu.

Ghalib huyu huyu! Diwani yake ya Kiurdu ilichapwa mara ya kwanza 1841. Toleo la Delhi la 1861 lilipotoka limejaa makosa, alilalamika katika barua zake, na mwaka uliofuata likachapwa lililosahihishwa Kanpur. Ni mtu aliyetupa sehemu kubwa ya mashairi yake ya ujanani asitake yaonekane. Yalikuja kuchapishwa Bhopal mwaka 1921, yeye akiwa amefariki tangu 1869. Mtu mkali namna hiyo juu ya mistari yake anawekwa mikononi mwa watu wasiosoma wanachochapa. Nyota mbili.

Niliwaandikia duka. Kwa adabu, na mifano mitatu, pamoja na namba za kurasa. Jibu lilikuja baada ya muda: "Kama Kiurdu kinakusumbua, tunalo pia toleo la herufi za Kilatini." Nyota moja. Na toleo hilo la Kilatini nimeliona sampuli yake: limetolewa kutoka faili lile lile, kwa hiyo linaandika *paikar tasvir*, na hapo hata mjuzi hawezi kujiokoa kwa kukisia, maana katika Kilatini irabu isiyoandikwa haipo kabisa.

Kuna alama nyingine iliyofutwa ambayo watu huidharau. Matoleo makini huweka mstari mdogo uliopinda juu ya lakabu ya mshairi, ambayo kwa desturi huja katika maqta, beti la mwisho la ghazali. Kazi yake si pambo. Lakabu nyingi ni maneno ya kawaida: Ghalib ni mwenye kushinda, Momin ni muumini, Dagh ni doa, Dard ni maumivu. Bila ile alama, msomaji anayejifunza akikuta *dard* hajui kama mtu analia au mtu anajitaja. Nayo imekwenda na maji ya kasra.

Sasa nitende haki. Aliyechagua mashairi anajua kazi yake, na sidhani kama ni yeye aliyeharibu. Kwa Mir hakuishia kwenye mabeti ambayo kila mtu anayo mdomoni. Amechota hadi katika diwani za mwisho kati ya zile sita. Na hapa jambo la ajabu: kurasa za Mir karibu hazijaguswa. Beti la kwanza la *Patta patta buta buta hal hamara jane hai* halina izafat hata moja. *Dekh to dil ke jan se uthta hai* vilevile. Lugha ya Mir katika mabeti hayo ni ya barabarani, haikumwagiwa Kiajemi, kwa hiyo hakukuwa na cha kufuta. Nasir Kazmi (1925–1972), aliyempenda Mir, amepona kwa sababu hiyo hiyo, na Parveen Shakir kwa sehemu kubwa pia. Kama ningepewa kurasa hizi peke yake kwenye kijitabu, ningempa kila anayejifunza Kiurdu. Nyota nne, kwa kweli.

Nikadhani basi upande wa kisasa wote utasalimika. Wapi! N. M. Rashid (1910–1975) anaitwa mshairi wa nazm azad, shairi huru, na watu husikia "huru" wakadhani haina mizani. Inayo. Mguu ule ule hurudiwa, kinachobadilika ni idadi ya miguu katika kila mstari. Na Rashid anapenda Kiajemi kuliko wengi wa rika lake. Ukimfutia kasra unamvunja mahali ambapo msomaji hawezi kugundua, kwa sababu urefu wa mistari hautabiriki. Kwa Ghalib sikio linashtuka, linajua kuna kitu kimepungua. Kwa Rashid unaendelea kusoma na kufikiri ndivyo alivyotaka. Hilo ni baya zaidi.

Halafu kuna beti lile la Ghalib anayefuta kioo ilhali vumbi liko usoni. Limo, na jina la Ghalib chini yake. Halimo katika diwani yake, na mishororo yake miwili hata hailingani. Mtu mwenye mizani hahitaji maktaba kulijua hilo. *Na kisi ki ankh ka nur hun* nayo wamempa mfalme Bahadur Shah Zafar, kama wanavyofanya wengi, wakati ni ya Muztar Khairabadi. Haya si ya kufutwa kwa alama, ila yanatoka katika mlango ule ule: hakuna aliyesoma.

Anayetaka kununua mkusanyo wowote wa Kiurdu, huu au mwingine, aombe picha ya kurasa tatu kabla ya kulipa. Ya kwanza, beti la *naqsh faryadi*: atazame chini ya re ya paikar. Ya pili, *bazicha-e atfal*: hamza iwe juu ya he, na *mire* isiwe na ye katikati. Ya tatu, maqta yoyote: lakabu iwe na alama yake. Zikikosekana zote tatu, asinunue, hata jalada liwe la dhahabu. Ikikosekana alama ya lakabu peke yake, anaweza kuvumilia. Kwa kitabu cha kielektroniki aongeze jaribio moja: atafute neno lenye he, kwa mfano *hai*. Lisipopatikana ingawa liko mbele ya macho, faili limechanganya he ya Kiarabu na he ya Kiurdu, na utafutaji wa maneno yenye he hautaaminika.

Kwa anayetaka Ghalib peke yake, toleo lililohaririwa na Imtiaz Ali Arshi bado ndilo la kutegemea. Kwa mtandaoni, tovuti ya Rekhta huonyesha ghazali kwa herufi za Kiurdu, Kidevanagari (zile za Kihindi) na Kilatini, na ukigusa neno unapata maana. Bure.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mbili, kwa ajili ya Mir. Nilikuwa nimekwisha kuziandika mbili, kisha duka likaniletea ujumbe wa punguzo kwa juzuu ya Iqbal, *Bang-e Dara* ya 1924. Kwenye picha ya jalada, kwa herufi kubwa za dhahabu, chini ya gaf hakuna kitu. Moja.