Uzoefu wangu na modeli ya X-wing ya uwiano wa 1:72

Modeli ninayoitathmini hapa ni ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe bila gundi, na ni ya X-wing, chombo cha kivita kilichoonekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Ikikamilika, urefu wake unazidi kidogo sentimita 17. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwa kuwa nina sifa na lawama, na zote zinahusu kazi yenyewe. Niseme mapema kwamba kwa ufundi wa plastiki ni modeli bora kabisa, lakini kwa kuwakilisha X-wing ina kasoro moja kubwa, nayo ni usafi wake.

Kasoro hiyo haieleweki bila kujua chombo chenyewe kilivyopatikana. Umbo la kwanza lilibuniwa na Colin Cantwell, ambaye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na kishale kinachorushwa kwenye ubao wa shabaha katika baa za Uingereza, na ukiitazama ile pua ndefu iliyochongoka huoni sababu ya kumbishia. Joe Johnston akalirekebisha umbo hilo, kisha mafundi wa Industrial Light & Magic, karakana ya madoido maalumu ya filamu iliyoanzishwa mwaka 1975 huko Van Nuys, California, wakaunda modeli ya kupigwa picha na kuanza kuijaza. Kazi hiyo ya kujaza waliifanya kwa kununua modeli za kawaida za madukani, za vifaru, za ndege na za magari, wakazinyofoa vipande na kuvibandika nyuma ya chombo na kuzunguka injini hadi pakaonekana pamesheheni mitambo. Baada ya hapo waliipaka rangi, wakaikwangua na kuipaka masizi, kwa sababu George Lucas, mwongozaji wa filamu, alitaka vyombo vya waasi, upande unaotumia X-wing, vionekane vimetumika, vimepigwa na kutengenezwa, na havikutoka kiwandani jana.

Hapo ndipo modeli hii inapostahili sifa. Sehemu iliyo nyuma ya roboti anayekaa nyuma ya rubani, ambayo wengi hawaiangalii, imechongwa kwa uangalifu wa ajabu: kuna mabomba membamba kama sindano, vifuniko, na mifereji inayopishana bila mpangilio wowote wa kihandisi, jinsi inavyotarajiwa kwa kitu kilichokusanywa kutoka kwenye masanduku ya modeli nyingine. Inafurahisha kuona kiwanda kizima kikitumia mashine za kisasa kunakili kwa uaminifu mabaki ya vifaru yaliyobandikwa na vijana wenye haraka. Vipande vinashikana vyema, na mistari ya maungio imefichwa mahali ambapo paneli za chombo hukutana, kwa hiyo ukikata kwa koleo kali na kupitisha msasa laini, huhitaji kuziba chochote.

Mabawa ndiyo roho ya chombo hiki. Katika hadithi, mabawa manne hufungwa katika safari na kufunguliwa vitani, na mizinga minne ya leza iliyo kwenye ncha zake huachana. Kwa mtazamaji, kufunguka huko kuna kazi muhimu zaidi: kunamjulisha kwamba mapigano yameanza, na kunampa alama ya X inayotofautisha upande mmoja na mwingine kwa kufumba na kufumbua. Mtengenezaji amelielewa hilo. Ukisukuma bawa moja la juu, mengine matatu hufuata kwa pembe ileile, kwa kuwa bawaba zimeunganishwa ndani ya kiunzi. Malalamiko yangu ni kwamba bawaba hizo hulegea mapema. Baada ya kufungua na kufunga mara kadhaa, mabawa ya chini yalianza kuning'inia kidogo, na nililazimika kuongeza tabaka jembamba la vanishi kwenye ekseli ili yabane tena.

Mizinga nayo ni myembamba mno. Ncha mojawapo ilipinda nilipokuwa nikiikata kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande, na maelekezo hayatoi tahadhari yoyote. Ushauri wangu ni kuiunganisha mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukauka.

Kuhusu alama, sanduku lina stika za kawaida na stika za kuloweka majini. Zile za kawaida zisikupotezee muda. Ni nene, na kingo zake huonekana hata kwa mbali. Za kuloweka hulala vizuri kwenye mifereji, hasa zile za mistari myekundu ya mabawani. Wekundu huo una kisa chake: kikosi cha X-wing katika filamu kilikusudiwa kuwa cha bluu, lakini modeli zilipigwa picha mbele ya pazia la bluu, na chochote cha rangi hiyo kingetoweka pamoja na pazia wakati wa kuunganisha picha. Kwa sababu hiyohiyo, paneli za bluu za R2-D2, yule roboti wa nyuma ya rubani, huonekana nyeusi katika picha za angani za filamu ile ya kwanza. Modeli hii inatoa stika za bluu kwa roboti. Mimi nilizipaka nyeusi, na ninakiri kwamba ni wachache watakaojali.

Sasa nirudi kwenye usafi. Plastiki imetiwa rangi ya kijivu cheupe iliyo sawa kila mahali, na ukiiunganisha tu bila kufanya lingine, unapata kitu kinachong'aa kama chombo cha jikoni. Picha ya kwenye sanduku inaonyesha chombo chenye masizi na mikwaruzo, ilhali ndani hakuna hata neno moja la kueleza namna ya kufika huko. Nilipitisha rangi nyembamba ya kahawia iliyokolea kwenye mifereji, nikaifuta kwa kitambaa kuelekea nyuma, kisha nikagusa kingo za paneli kwa sifongo yenye kijivu cha giza na kumaliza kwa vanishi isiyong'aa. Tofauti ni kubwa mno, kiasi kwamba ninaona kazi hiyo ni nusu ya modeli, na mnunuzi alistahili kuambiwa hivyo.

Kampuni hiyohiyo inauza pia T-70, toleo jipya la X-wing lililoingia katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015, ambalo injini zake za nusu duara hukutana na kuwa duara kamili mabawa yanapofungwa, wazo lililotokana na michoro ya zamani ya Ralph McQuarrie, mchoraji wa filamu ile ya kwanza. Ile ni rahisi kwa anayeanza, kwa sababu mistari yake ni michache na haidai uchafu mwingi. Kwa mtoto anayetaka kurusharusha chombo chumbani, sipendekezi yoyote kati ya hizo mbili, kwani mizinga haitafika jioni. Kwa mtu mzima mwenye brashi, subira na meza yenye mwanga wa kutosha, ninaipa hii ya zamani nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye bawaba na kwenye kile kijitabu cha maelekezo.