Fundi wa Barabara ya 12 aliyeilaza Kombi yangu kabla ya kuigusa

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja, na yeye mwenyewe nimeshamwambia. Hakukasirika.

Kombi yenyewe ni Volkswagen ya 1973, injini ya 1600 inayopozwa kwa upepo, haina rejeta wala tone la maji. Marehemu mume wangu aliinunua 1988 kutoka misheni moja ya Lushoto, ndiyo maana ina hita. Watu wa Tanga hunicheka nikiwaambia gari langu lina hita. Wacheke tu, ila hita hiyo ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Mwezi wa Juni tulipanda Lushoto arusini. Kuanzia Mombo ni mlima na kona, gia ya pili, mara ya kwanza, mara ya pili tena. Kila nikikanyaga mafuta injini inalia tik-tik-tik upande wa kushoto. Nikiachia, nyuma inapasuka pwaa! kama fataki za sikukuu. Kabla ya Soni mjukuu wangu akasema kichwa kinamgonga. Dada yangu aliyekaa kiti cha nyuma, kichwa pia, na kichefuchefu juu yake. Wakasema ni kona.

Nimefanya uuguzi miaka 31. Nimepokea watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, na najua wanavyoanza: kichwa, kichefuchefu, kisha usingizi ambao wengine hawaamki. Ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Na sisi, kwa ile baridi ya Usambara, tulikuwa tumepandisha vioo vyote na kufungulia hita. Nikasimama, nikateremsha watu, nikaacha milango wazi nusu saa. Vichwa vikatulia. Tukaendelea na kona zilezile, hita imefungwa na vioo viko chini, na hakuna aliyelalamika tena isipokuwa baridi.

Gereji ya kwanza niliyoipelekea sitaitaja. Fundi wake alikuwa akiongea na mjukuu wangu wa miaka 19, asiyejua hata plagi iko wapi, kana kwamba mimi ni abiria. Akaona sailensa ina kutu (hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila bati), akachomelea kiraka, shilingi 40,000. Siku ya tatu mlio ukarudi. Akaweka kiraka juu ya kiraka na kupaka silikoni nyekundu kwenye maungio, ikaungua kabla sijafika Raskazone. Mara ya tatu akaniambia, "Hizo ni tapeti mama, Kombi zote hulia hivyo," yaani vile vyuma vinavyosukuma vavu za injini. Na alichomelea bila kuchomoa waya wa betri, wakati tangi la petroli la Kombi limetenganishwa na injini kwa ukuta mmoja wa bati. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikisoma dua.

Ndipo jirani akanielekeza Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya 12. Hakuna bango, kuna mwarobaini na Kobe mbili zilizokufa chini yake. Ndiyo, Kobe, hizi Volkswagen za mgongo.

Nilifika saa tano, injini imechemka. "Shikamoo mama," fundi akasema, akanisikiliza mimi, si mjukuu. Akawasha, akategea dakika moja, akazima. "Liache lilale hapa mama. Saa hizi litanidanganya." Akanieleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka na upenyo mdogo hujiziba. Mlio wa ekzosi inayovuja husikika vizuri asubuhi, kabla injini haijapata joto. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda, nikinung'unika.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa pale. Alianza na plagi, maana plagi iliyolegea nayo hulia tik-tik. Akafungua mifuniko ya vavu akapima nafasi ya tapeti zote injini ikiwa ya baridi, milimita 0.15. Moja tu ilikuwa imekaza kidogo, akairekebisha. "Tapeti hazina kesi," akasema. Kisha akawasha, akachukua kipande cha mpira wa maji kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine anaipitisha kwenye maungio. Nilicheka peke yangu. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka 31, ila mimi nilipewa chombo cha kuning'iniza shingoni.

Kwenye injini hii silinda mbili za nyuma zinatoa moshi moja kwa moja kwenye sailensa. Mbili za mbele moshi wake unapita kwanza ndani ya masanduku ya hita, moja kila upande, ndipo ufike kwenye sailensa. Kwa hiyo maungio ni mengi: manne kwenye hedi (kichwa cha silinda), mawili ya klampu, na mengine madogo ya bomba linalopasha joto chini ya kabureta. Fundi alizima injini, akapeleka hewa ya kompresa kidogo kidogo kwenye bomba la nyuma, akaziba kwa matambara, akapaka povu la sabuni kila ungio. Kwenye silinda ya tatu, mbele kushoto, povu likachemka kama uji, na pale pale kulikuwa na masizi ambayo gereji ya kwanza haikuinama kuyaona.

Nilidhani tumemaliza. Akachomoa bomba la hita linalokwenda ndani ya gari, akapaka povu mdomoni mwa sanduku la kushoto. Likafura. Bomba la moshi lililo ndani ya sanduku lilikuwa limeoza, kwa nje huoni kitu, na feni ya injini ilikuwa inasukuma ule moshi hadi miguuni pa mjukuu wangu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kuulizwa.

Nati nane za kwenye hedi alizimwagia mafuta zikalala. Asubuhi akawa anapasha moto nati yenyewe, si stadi (ule msumari wenye nyuzi unaoshika nati), anakaza kidogo kwanza ndipo analegeza. Saba zilitoka. Ya nane ikakatika na stadi yake ndani ya hedi, na hedi ni alumini, huwezi kuilazimisha. Injini ikashushwa, akatoboa, akakata nyuzi mpya na kuweka stadi yenye kitako kinene. Simlaumu kwa kukatika, kitu cha miaka hamsini. Namlaumu kwa kuwa siku mbili zilikuwa sita na nilijua habari hiyo nilipokwenda mwenyewe kuuliza. Simu anayo.

Hita nikamwambia aing'oe, nani anaihitaji Tanga? Masanduku yakatoka, yakaingia mabomba mawili yaliyopinda kama herufi J, na sailensa mpya, vyote kutoka Nairobi. Hapa ndipo aliponipa heshima ya kunieleza: ukitoa masanduku lazima uzibe matundu mawili ya feni yaliyokuwa yakiyalisha, la sivyo upepo wa kupozea silinda unakimbilia nje. Akayaziba kwa bati. Akabadilisha pia mpira unaozunguka injini, maana ukikosekana feni huvuta hewa ya moto na moshi kutoka chini. Gasketi zote mpya, nati za shaba, na nyuso za flanchi (sehemu bapa zinazokutana kwenye maungio) alizisawazisha kwa msasa uliowekwa juu ya kioo.

Ufundi 280,000, spea mbali. Risiti hakuna, aliandika hesabu kwenye boksi la gasketi. Kama unadai mahali fulani urudishiwe gharama, hili litakusumbua. Pa kukaa pia hapana, ni ile ndoo.

Agosti tukapanda tena Lushoto. Mwanangu aliye Muscat alikuwa amenitumia kifaa cha betri cha kupima kaboni monoksaidi, nikakining'iniza nyuma ya kiti changu, vioo juu. Kilisoma sifuri kutoka Mombo hadi juu, na dada yangu alilala njia nzima. Nilimwamsha mara mbili kuhakikisha ni usingizi wa kawaida.

Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala. Peleka gari jioni, ulale bila gari. Ukilifikisha la moto atakurudisha tu.